Mtoto Mmoja na Nusu

Mtaa ule ulikuwa na nyumba kumi na tisa, mageti kumi na tisa, mbwa wanane na mtoto mmoja. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na tisa, ndevu, gari na cheo ofisini, lakini majirani waliendelea kumwita Pekee, maana tangu azaliwe yeye hakuzaliwa mwingine wa kumnyang'anya jina.

Mwisho wa mtaa palikuwa na bembea. Ilipakwa rangi kila mwaka, nyekundu na njano, na kila mwaka kutu iliila rangi hiyo bila mtoto hata mmoja kuisaidia. Shule ya msingi iliyokuwa nyuma yake ilikosa wanafunzi ikageuzwa makao ya wazee. Irabu zilizochorwa ukutani ziliachwa vilevile, kwa hiyo wazee walimeza dawa zao chini ya A, E, I, O, U, na wengine, kwa jinsi siku zilivyokuwa ndefu, walikuwa wameanza kuzisoma upya.

Hapo ndipo Pekee alipoegesha gari adhuhuri ya Jumamosi, akazima injini, na badala ya kufungua mlango akamgeukia msichana aliyekaa pembeni yake.

"Mpenzi, nikuombe kitu?"

"Omba."

"Leo usicheke sana."

Msichana alimtazama. Kazini walimwita Fundi. Kwao kusini walimwita Dada Mkubwa, kwa sababu nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wadogo watano. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na alikuwa amejiandaa kuombwa vitu vingi siku ile, lakini si hicho.

Si kwamba hakuelewa. Meno yake ya mbele yalikuwa na michirizi ya kahawia. Haukuwa uchafu, yalikuwa maji. Kisima cha bondeni kwao kilikuwa na chumvichumvi fulani, na kila aliyeyanywa maji yale utotoni alitoka na kitambulisho mdomoni. Mtu wa kule hakuulizwa katokea wapi, alichekeshwa tu.

Na kazi yake, kwa mzaha wa Mungu, ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Kaskazini palikuwa na hela, maji yaliyochujwa na wazee wasio na meno. Kusini palikuwa na meno, tena kwa maelfu, ila hapakuwa na cha kutafuna. Basi Fundi alipanda basi siku mbili akaja kuwauzia wa juu kile ambacho wa chini walikuwa nacho cha ziada. Miaka minne sasa alikaa chumba cha nyuma cha kliniki moja, anayeyusha nta, anapanga meno, anayasugua mpaka yang'ae, na wenye vinywa hawakumwona hata siku moja. Walimwona daktari wa mbele, mwenye koti jeupe.

"Sawa," alisema. "Na mimi nikuombe."

"Chochote."

"Neno moja. Wakianza kuwasema watu wangu, wewe useme neno moja. Sitaki hotuba. Hata 'inatosha', inatosha."

Pekee alitabasamu, akauchukua mkono wake akaubusu kwenye kiganja, mahali palipoungua na nta. "Na nikisahau?"

"Basi nitakuwa nimekuja kula chakula cha mchana tu."

Alisema kwa utani, lakini hakuwa anatania. Alimpenda huyu mwanamume kupita akili. Alimpenda kwa ukimya wake. Pekee alifanya kazi ofisi ya bima za wazee, ghorofa ya nne ya jengo lilelile, na siku moja alishuka kuomba sukari. Siku ya pili akaomba kijiko. Siku ya tatu hakuomba kitu, alikaa tu juu ya ndoo ya plasta akamtazama anavyochonga. Fundi akaongea. Akaongea kisima, akaongea darasa la watoto tisini na watatu, akaongea mama yake. Pekee alisikiliza kwa yale macho yake makubwa yenye maji kidogo, hakumkatiza hata mara moja. Jioni ile Fundi aliwaza: nimempata mtu anayesikiliza.

Ngoja tuone.

*

Chakula kilikuwa mezani. Meza ilikuwa ya watu kumi na wawili, watu wenyewe watano, kwa hiyo mtu akitaka chumvi ilibidi afunge safari.

Baba mwenye nyumba wote walimwita Meneja, ingawa kiwanda cha vigae alikuwa amekistaafu miaka saba iliyopita. Bado alivaa tai ndani ya nyumba yake. Alikula na gazeti limeegemezwa kwenye jagi, na katika miaka thelathini ya ndoa uso alioutazama zaidi ni ule wa ukurasa wa kwanza. Kulia kwake alikaa dada yake, Shangazi, asiye na mume wala mtoto, mwenye paka wanne na maoni juu ya uzazi. Mkabala naye alikaa Mama Pekee.

Mama Pekee alikuwa mzuri. Miaka sitini na miwili, mgongo umenyooka, ngozi imetulia, na tabasamu ambalo mtaa mzima ulilijua. Juu ya kichwa chake ilining'inia picha ya harusi, kubwa kama dirisha, naye ndani yake anatabasamu tabasamu lilelile.

"Binti," alianza Shangazi kabla kijiko hakijagusa sahani, "kwenu mko wangapi?"

"Sita, shangazi."

"Kwa mama mmoja?"

"Kwa mama mmoja na baba mmoja. Hatukuazima popote."

Meneja alikohoa nyuma ya gazeti. "Si ajabu. Hapa wameandika. Kaskazini, kila mwanamke mtoto mmoja na nusu. Kusini, sita na kidogo."

"Na hicho kidogo ndicho kinachopandaga basi kuja huku," alisema Shangazi.

Wakacheka. Mama Pekee alicheka kwa adabu, kichwa kikienda nyuma kidogo. Fundi alishusha macho, akajiuliza yule mtoto wa nusu anaonekanaje. Ana mguu mmoja, au ana kichwa bila shingo? Na shuleni anahesabiwa vipi? Kisha akamtazama Pekee.

Pekee alikuwa anatenganisha nyama na mfupa kwa makini ya daktari wa upasuaji.

Bado mapema, Fundi alijiambia. Mwache ameze.

"Mimi sina ubaya na watu wa kusini," aliendelea Meneja. "Wafanyakazi wazuri. Kiwandani nilikuwa nao mia mbili. Wana nguvu, hawaumwi, na ukimfukuza mmoja getini wamesimama kumi. Tatizo ni kwamba ukimwajiri mmoja, umeajiri kijiji. Leo anakuja yeye, kesho mdogo wake, keshokutwa binamu anauliza kama kuna kazi ya kufagia."

"Na kuna, baba?" aliuliza Fundi.

"Kuna nini?"

"Kazi ya kufagia. Nauliza tu, maana sijaona mtu wa huku akifagia."

Ulikuwa ukweli mtupu. Mkate uliokuwa mezani uliokwa na mikono ya kusini. Mlinzi getini alitoka kusini. Wazee waliokuwa wanameza dawa chini ya irabu waliogeshwa, kugeuzwa na kuimbiwa na wasichana wa kusini, wenye meno ya kahawia kama yeye. Mtaa mzima ulibebwa mgongoni na watu ambao mtaa mzima uliona ni mzigo.

Shangazi aliweka uma chini. "Ana mdomo."

"Mdomo si tatizo," alisema Mama Pekee, kwa sauti ya asali. "Mwanangu, usikasirike nikikuuliza. Hayo meno. Huko kwenu mswaki haujafika?"

Fundi aliyafunika meno kwa midomo, kisha akajibu.

"Ni maji, mama. Ya kisima."

"Maji. Kila kitu kwenu ni maji, au jua, au njaa. Sijawahi kukutana na mtu wa kusini mwenye kosa lake mwenyewe." Aliinua kidevu. "Mimi hapa nina umri huu, na meno yote niliyozaliwa nayo ninayo. Daktari wa meno simjui kwa sura. Ni kujitunza tu, mwanangu. Ni malezi."

"Nilimwoa kwa tabasamu hilo," alisema Meneja, bila kulitazama.

Fundi ndiye aliyelitazama.

Alilitazama lile la chini, kisha akainua macho kwenye picha ya ukutani, akalitazama lile la juu. Jino la pili la kushoto lilikuwa limemwegemea mwenzake kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea.

Kijiko kilisimama njiani.

Alilijua jino lile. Alilijua kwa nta na kwa tupa. Miezi minane iliyopita daktari alimletea kalibu ya plasta yenye umbo la kinywa cha mtu, pengo la meno sita ya mbele ya juu, na kipande cha picha kilichokatwa kwa mkasi: mdomo tu, bila pua, bila macho. Karatasi ilisema, yafanane na haya, yasionekane ya dukani. Jina halikuwepo. Iliandikwa Namba 41. Fundi alikesha na mdomo ule wiki tatu. Mafundi wengine wangeyanyoosha yote kama askari wa gwaride. Yeye alilipindua lile la pili, nyuzi chache tu, mpaka likaegemea, mpaka mdomo wa plasta ukawa mdomo wa mtu. Daktari alimwambia mteja amelia kwa furaha. Akamwambia pia kwamba mteja hakurudi kwa marekebisho, jambo ambalo ni lazima, kwa sababu aliogopa kuonekana mlangoni mara ya pili.

Namba 41 alikuwa amemkalia mbele na kumfundisha kupiga mswaki.

Sasa, msomaji, wewe na mimi tungefanyaje? Tungesema, tungepanda juu ya meza. Lakini mzee mkali aliyemfundisha Fundi kazi alimwapisha siku ya kwanza, kabla hajashika hata kisu cha nta: ukimjua mtu kwa meno uliyomtengenezea, usimjue. Fundi wa meno hana macho barabarani. Wakimwamini watacheka, wasipomwamini watafunika midomo mpaka kaburini.

Basi Fundi alimeza. Akamgeukia mwenye kazi ya kusema.

Pekee alikuwa amemaliza nyama. Sasa alikuwa anaupanga mfupa pembeni ya sahani, unyooke vizuri. Aliinua macho yale makubwa yenye maji, yakakutana na ya Fundi, na ndani yake palikuwa na huruma nyingi, upendo mwingi, na maneno sifuri. Chini ya meza alimminya kidole.

Kidole, jamani.

"Ona mfano," alisema Mama Pekee, akavuta bakuli la karanga za kukaanga. "Watu wa rika langu wanasagiwa. Mimi natafuna." Akaiweka karanga moja kati ya meno ya mbele, makusudi, kama mwanasarakasi, akauma.

Tk.

Wengine walisikia karanga. Fundi alisikia kibao cha meno kikiachia ufizi. Aliona macho ya mama yakipanuka, aliona kitambaa cha mkono kikienda mdomoni, na aliona, kwa nusu sekunde, sura ya mtu anayezama mbele ya watu waliokaa.

"Nakuja," alisema Mama Pekee ndani ya kitambaa, akainuka kwenda jikoni.

"Nimsaidie mama vyombo," alisema Fundi, naye akainuka.

"Angalau kazi anazijua," alisema Shangazi.

*

Mama Pekee alikuwa ameinamia sinki, bomba limefunguliwa mpaka mwisho. Fundi alifunga mlango nyuma yake.

"Nilisema nakuja," alisema yule mama bila kugeuka. Sauti ilikuwa imelegea, kama kamba ya nguo.

"Nipe."

"Nikupe nini? Toka."

"Nipe, mama. Ukiyalazimisha hivyo yatakatika. Upande wa kushoto ndio unaokuumiza, si ndiyo? Umepata kidonda hapo, kwa sababu hukurudi kusuguliwa."

Bomba lilimwaga maji. Mgongo ulionyooka uliinama.

"Nani amekwambia?"

"Namba arobaini na moja," alisema Fundi polepole. "Jino la pili nililipindua mwenyewe."

Mama Pekee aligeuka. Kitambaa bado kilikuwa mdomoni, lakini macho yalikuwa yamevuliwa kila kitu: asali, malezi, mtaa, kaskazini yote. Alikuwa mama mmoja mtu mzima mwenye kidonda kwenye ufizi. Alinyoosha mkono, na kwenye kiganja yalikaa meno sita mazuri kuliko yote ambayo Fundi aliwahi kuyatengeneza.

Fundi alitoa tupa ya kucha kwenye mkoba, akaisafisha kwa maji ya moto ya birika, akakaa kwenye stuli. Ukingo wa kushoto ulikuwa na ncha. Akaanza kuusugua, taratibu, anapuliza, anapapasa kwa kidole, anasugua.

"Unalala nayo?"

Mama aliitika kwa kichwa.

"Usilale nayo. Ndiyo yanayokuchubua."

"Mume wangu hajui." Bila meno maneno yalitoka yamevimba. "Nilipokwenda kuyang'oa nilimwambia naenda kwa dada yangu. Nilikaa wiki sita. Niliporudi akaniuliza kama nimemletea gazeti la kule."

Fundi alikaribia kumhurumia. Alikaribia sana. Kama mama yule angeishia hapo, huenda hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Sikiliza," alisema Mama Pekee, akisogea. "Tuelewane kama wanawake. Wewe unamtaka mwanangu. Mimi nataka kinywa chako kifungwe. Nikirudi pale mezani nitasema nimekupenda. Meneja atanung'unika siku mbili. Wifi nitamweza. Umeolewa. Unaonaje?"

Tupa ilisimama.

"Kinywa changu kilishafungwa kabla sijakujua, mama. Nimekaa pale nikasikia ya mswaki na sikukujibu. Unadhani nilikosa jibu?"

"Basi unataka nini?"

"Kwako sitaki kitu. Hii ni kazi, siri ni sehemu ya kazi, utabaki nayo hata nikikuchukia." Alisimama, akayasuuza meno, akayaweka kwenye kile kiganja. "Weka. Uma taratibu. Sema 'sasa'."

"Sasa," alisema Mama Pekee. Lilitoka safi, bila mluzi.

Na pamoja na meno, wallahi, kila kitu kilirudi. Mgongo ulinyooka. Kidevu kikapanda. Alijitazama kwenye mlango wa oveni, akatabasamu, akamtazama Fundi kama mtu anayemtazama mhudumu aliyechelewa kuondoka.

"Watu wa kusini mna kiburi sana," alisema, "kwa watu wasio na kitu."

*

Mezani Mama Pekee alikaa, akatandaza kitambaa mapajani, akasema, "Nimeongea na huyu binti. Nimempenda."

Paka mmoja wa Shangazi angedondoka darini, mshangao usingekuwa mkubwa zaidi. Meneja alishusha gazeti mpaka kifuani.

"Umempenda lini?"

"Sasa hivi. Ana mikono mizuri."

Pekee alifurika furaha uso mzima. Alimshika Fundi bega, akamnong'oneza karibu na sikio, kwa pumzi yake ya joto. "Unaona? Nilijua. Ukiwanyamazia, wanatulia wenyewe."

Fundi alilitoa bega lake polepole.

"Kama ni hivyo," alisema Meneja, akikubali kushindwa kama mtu anayekubali bei, "mambo yawe ya utaratibu. Sherehe ndogo. Upande wetu ni watu wachache, wengi wamezeeka, hawawezi kelele. Upande wenu waje wawili."

"Wawili," alisema Fundi.

"Wakija wote itabidi tukodi uwanja," alisema Shangazi. "Na wakishaona vyumba vilivyo vitupu huku juu, nani atawatoa? Nyumba ina vyumba saba. Watahesabu kabla ya kusalimia."

"Mama yangu na baba yangu ndio hao wawili. Wadogo zangu watano je?"

"Watatumiwa picha," alisema Mama Pekee, na tabasamu lake likang'aa meza nzima.

Hapo ndipo lilipotakiwa lile neno. Fundi aligeuka, akamkabili Pekee kwa uso wake wote, akamtazama kama alivyomtazama siku ya kwanza juu ya ndoo ya plasta. Akamwombea moyoni. Sema inatosha. Sema watano. Sema hapana, sema ngoja, kohoa basi.

Pekee alilamba midomo. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akautazama ule mfupa.

"Wawili si wanatosha, mpenzi?" alisema. "Kwa kuanzia."

Na Fundi, ambaye mwaka mzima aliuita ukimya ule kusikiliza, akalijua jina lake halisi.

Alikunja kitambaa. Alisukuma kiti, akakirudisha mahali pake, kwa sababu mama yake hakumlea kuacha kiti njiani.

"Ahsanteni kwa chakula cha mchana," alisema.

*

Pekee alimfikia getini. Lilikuwa geti la umeme, la kujifungua na kujifunga lenyewe, na lilikuwa wazi.

"Mpenzi, wamekubali. Mama mwenyewe amesema. Sasa unakimbia nini? Tumeshinda."

"Nani alipigana?"

Pekee alitazama nyuma, kwenye nyumba. "Nilinyamaza kwa heshima. Ni wazazi wangu."

"Na wale tisini na watatu waliokaa chini darasani ni watu wangu. Na mama yangu, aliyechota yale maji kwa sababu hapakuwa na mengine, ni mzazi wangu. Nilikuomba neno moja. Ukanipa kidole."

"Sikiliza, tukishaoana nitasema. Nakuahidi. Taratibu."

"Ulipoanza kuja kule chini kwangu, nilidhani unanisikiliza. Kumbe ulikuwa umenyamaza tu."

Machozi yalikuwa yamemjaa, na hilo lilimuudhi, kwa sababu gauni lilikuwa jipya. Alitaka ashikwe. Ukweli usemwe: hata pale, na yote yale, kama Pekee angevuka geti akamshika, Fundi angeyumba. Harufu ya shati lake tu ingemyumbisha.

"Umemwambia nini mama jikoni?" aliuliza Pekee.

"Nimemsaidia vyombo."

"Hapana, kuna kitu. Mama habadiliki hivyo."

"Kamuulize. Ila mwambie wewe mwenyewe, kwa sauti, mezani, mbele ya watu." Alifuta macho kwa kiganja. "Fungua mdomo."

"Nini?"

"Fungua."

Alifungua, kwa mshangao, kama mtoto. Fundi alitazama ndani kwa jicho la kazi.

"Thelathini na mawili," alisema. "Yote yako, hakuna hata lililotoboka. Nimeshika meno ya watu miaka minne, sijawahi kuona meno mazima yanayokaa bure namna hii."

Akageuka, akaanza kwenda.

"Subiri," alisema Pekee, akapiga hatua moja nje.

Kutoka ndani ikaja sauti, tamu, safi, bila mluzi. "Pekee, chai inapoa."

Akageuza kichwa. Geti, lililokuwa limeshachoka kungoja, likaanza kujifunga. Likamgusa bega, likashtuka, likarudi nyuma. Likangoja. Likajaribu tena. Likamgusa, likarudi. Pekee hakutoka wala hakuingia. Hata geti lilikuwa na maamuzi zaidi.

Fundi alifika kwenye bembea, akaikalia. Kutu ilipiga kelele kama mtu aliyeamshwa. Alijisukuma kwa mguu mara moja, mara mbili, na machozi yalimshuka mpaka kwenye kola, na alijua yangeendelea kushuka Jumapili, na Jumatatu kazini, na kila mara mtu wa ghorofa ya nne atakapopita ngazini. Kisha akatazama nyuma kule getini.

Kutoka pale alipokaa, nguzo ya geti ilikuwa imemkata mwanamume wake katikati. Alionekana mguu mmoja, mkono mmoja, jicho moja kubwa lenye maji.

Fundi akacheka. Alicheka mdomo wazi, kahawia yote nje, mpaka dirisha moja la makao ya wazee likafunguka na bibi mmoja akachungulia kutazama mtoto ametoka wapi. Siku nzima alikuwa anajiuliza yule wa nusu wa kwenye gazeti anafananaje, na kumbe alikuja naye gari moja. Mama wa watu hata ile namba ya kaskazini alikuwa hajaifikisha. Moja hakuwahi kuzaa. Alizaa nusu tu, ikakua, ikaota ndevu, na sasa ilikuwa inaitwa ikanywe chai.